Konokono wa Mwanvua

Sijaona mtu anayeogopa konokono isipokuwa Mwanvua, jirani yangu hapa Rumonge kando ya ziwa, naye ndiye aliyekuwa akiwauza. Wavuvi walimpa waliokwama kwenye nyavu, akawaponda kwa jiwe, nami nikawanunua kwa ajili ya bata wangu, viumbe wasiojua kushiba.

Ni wakubwa kama ndimu. Ukimgusa mmoja, hujivuta ndani na kufunga mlango wake, kifuniko kigumu cha kahawia. Mlango ulipofungwa, Mwanvua aligeuza uso na kupiga jiwe bila kutazama. Mimi nilimcheka. Ningejua, ningenyamaza.

Mdogo wake, Sumaya, alikufa mwaka ule ziwa lilipopanda likameza nyumba za ufukweni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Maji yalipoingia kwake, alipanda boti kwenda Minago, mji mwingine wa ufukweni, na boti ikapinduka. Kwa nini hakwenda kwa dada yake, hatua mia tu, hakuna aliyeelewa. Walikuwa wamenuniana kwa sababu ya cherehani, lakini nani hufa kwa ajili ya cherehani?

Kila asubuhi mama yao, Mama Mariyamu, aliyehamia kwa Mwanvua baada ya msiba, aliuliza: "Ile siku, Sumaya hakupita kwako?"

"Hapana, mama. Nilikuwa ku soko."

Jumanne moja nilifika na ndoo yangu nikamkuta mwalimu Aristide, anayefundisha biolojia, akichagua konokono wa kuwaonyesha wanafunzi. Mwanvua alikuwa ametoka kumvunja mmoja.

"Huyu iko tu mu ziwa letu," Aristide alisema. "Hatagi mayai. Anabeba watoto ndani mpaka wakamilike. Angalia."

Tuliinama. Katikati ya nyama iliyopondeka walikuwemo konokono wadogo kama punje za mchele, kila mmoja na gamba lake. Aristide alimgusa mmoja kwa ukucha. Konokono yule akafunga mlango wake.

Jiwe lilimtoka Mwanvua mkononi.

"Mama, Sumaya alipita. Nilimuona kwa dirisha, na mutumba wake ku kichwa. Nikafunga mlango."

Mama Mariyamu alikuwa kwenye mkeka akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mikono yake haikusimama.

"Najua. Alikuwa ananiongelesha kwa telefone. Nilisikia ufunguo."

"Sasa kwa nini uliniuliza kila siku?"

"Nilikuwa nakungojea."

Aristide aliondoka bila kuaga. Mimi nilibaki na ndoo tupu, nikiona aibu kwa vicheko vyangu vyote.

Tangu hapo bata wangu wanakula pumba, na Mama Mariyamu hajauliza tena. Mwanvua ameniambia kwamba ukimya huo unamtisha kuliko swali lenyewe. Leo asubuhi nimemkuta ameketi mbele ya mama yake, chai imepoa, anasubiri aulizwe. Mama alimsogezea sukari tu.

"Alipita, mama," Mwanvua akajibu.