Niliandika "The gate was left open", nusura mlinzi wetu afukuzwe kazi

Wakuu, kamwene. Huku kwetu Njombe ndivyo tunavyosalimiana.

Mimi ni mzee wa kanisa, wajukuu ninao, na haya yalinitokea mimi mwenyewe. Nikitia chumvi humu, Jumapili nitaketi benchi la mbele na moyo mzito, kwa hiyo sioni faida ya kuitia.

Uzi unahusu passive voice ya Kiingereza, ile kauli ya kutendwa. Msikimbie. Kuna mbuzi ndani yake.

Ujanani nilisoma chuo cha Biblia, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na amri yake moja: ripoti haina "I". Usiandike "I opened the meeting". Andika "The meeting was opened". Tuliipenda sana amri hiyo. Sentensi ilikuwa kama imevaa koti na tai.

Tangu hapo nimekuwa katibu wa hiki na kile kanisani, na mafaili yangu yamejaa was na were. Songs were sung. Food was served. Ukisoma ripoti zangu utadhani usharika wetu hauna mtu hata mmoja. Nyimbo zinajiimba, wali unajipika.

Sasa, nyuma ya kanisa letu tuna kitalu cha miche ya epo. Ilikuwa ya wajane, kila mmoja apate miche kumi apande kwake. Marafiki zetu wa usharika mmoja wa ng'ambo walitusaidia kujenga uzio, na sisi huwaandikia ripoti kwa Kiingereza. Mwandishi ni mimi.

Jumamosi moja mchana niliingia kitaluni peke yangu kuhesabu viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Miche ilikuwa imependeza, nikasimama pale nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Simu ikalia. Mke wangu. "Baba, wakwe wamefika, na wewe uko wapi?"

Wakuu, wakwe ni wakwe. Nilitoka mbio na komeo sikulirudisha.

Jioni mbuzi wangu watatu walirudi nyumbani wakakataa majani. Yule dume mwenye ndevu, ambaye mke wangu humwita Mwenyekiti, alikuwa na kiriba kimening'inia kwenye pembe.

Mke wangu akakitoa, akanitazama. "Hawa leo wamealikwa wapi?"

Nilikuwa nimeshajua.

Saa hiyo hiyo Zakaria, mlinzi wetu, aliwasili zamu yake akakuta lango wazi na vijiti vitupu. Yeye ndiye humwagilia asubuhi kabla ya kwenda kulala. Ni mtu mpole, amefiwa na mke na ana watoto wanne, na ile kazi ndiyo sufuria yao.

Jumatatu nikaandika ripoti. Sikusema uongo hata neno moja. "The gate was left open. The seedlings were eaten." Lango liliachwa wazi, miche ikaliwa. Niliisoma mara mbili nikaona imekaa vizuri.

Nikaipeleka Makambako kwa Neema, binti wa dada yangu, mwenye stationery karibu na stendi ya malori. Yeye ndiye huchapa kazi zetu. Alifika katikati akaacha kuchapa.

"Mjomba, lango liliachwa wazi na nani?"

"Kiingereza cha ripoti hakiulizi nani."

"Na miche ililiwa na nani?"

"Neema, chapa."

"Haya. Lango lilijiacha, miche ikajila." Akacheka hadi mteja wa photocopy naye akacheka, ingawa hakujua kisa.

Mimi nilicheka kidogo tu.

Niweke jambo moja sawa hapa, maana najua humu kuna walimu. Passive si dhambi. Kama baiskeli yangu imeibwa na mwizi simjui, nitaandika "My bicycle was stolen", ningeandika nini kingine? Na kama kanisa lilijengwa na mikono mia, huwezi kuwataja wote. Tatizo langu ni kwamba mtenda nilikuwa namjua. Nilikuwa nimevaa viatu vyake.

Kikao kilikuwa Njombe mjini, kwa sababu mradi ni wa sharika kadhaa. Mchungaji aliyeongoza kikao akaisoma ripoti kwa sauti kabla haijatumwa. Alipofika kwenye lango, akavua miwani.

"Liliachwa wazi. Sawa. Mlinzi wa pale ni nani?"

Basi. Dakika ile nikaelewa kile ambacho mwalimu wangu hakunifundisha. Sentensi isiyo na mtenda nayo ni lango lililoachwa wazi. Yeyote aliye karibu ataingizwa humo.

Zakaria, aliyekuwa amekuja nasi kupokea mshahara wake, alikuwa nje ameketi, akaitwa ndani. Akasimama na kofia yake ya sufu mkononi.

"Zakaria, asubuhi ile ulifunga lango?"

"Nilifunga, Mchungaji." Akaigeuzageuza kofia. "Nadhani nilifunga." Akatazama sakafu. "Labda sikufunga. Nilikuwa na usingizi. Mnisamehe."

Wakuu, hilo ndilo lililonivunja. Mtu aliyefunga lango, mwaminifu, ameanza kuamini kwamba hakulifunga, kwa sababu ya Kiingereza changu. Mjumbe mmoja akasema taratibu kwamba labda sasa atafutwe mlinzi mwingine. Wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa.

Nikasimama.

"Zakaria alifunga. Mimi nililifungua mchana, nikakimbilia wakwe, sikulirudisha. Na mbuzi ni wangu. Zakaria, nisamehe."

Mama Vumilia, anayewawakilisha wajane, akashusha pumzi ndefu.

"Asante, mzee. Mwenyekiti wako nilimwona anavuka barabara na kiriba pembeni, kama amevaa kofia ya harusi."

Mchungaji akamgeukia. "Mama, ulijua ukanyamaza?"

"Nilimpa nafasi aseme mwenyewe, ni mzee wetu. Ila alikuwa amebakiwa na dakika moja. Baada ya hapo ningesema mimi!"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Mchungaji alifuta machozi kwa karatasi ya ripoti yangu, na hayo ndiyo matumizi bora iliyowahi kupata. Zakaria alirudisha kofia kichwani. Tukatoka pamoja, akanishika mkono mpaka barabarani.

Kesho yake nilirudi Makambako. Neema akachapa upya: "I left the gate open. My goats ate the seedlings. I am sorry." Sentensi tatu fupi, hazina koti wala tai. Akasema, "Mjomba, leo Kiingereza chako kina mtu ndani."

Tangu siku hiyo Mwenyekiti na wenzake hufungwa kamba, na mimi namwagilia kitalu kila asubuhi pamoja na Zakaria. Tumeshaotesha upya. Wajane watachelewa msimu mmoja, na wamenivumilia, Mungu awabariki.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujaandika was, jiulize kama unamficha mtu. Ukiona unayemficha ni wewe, mtoe nje apigwe na baridi. Haiui.

Majibu ya ng'ambo yalikuja baada ya siku chache. Neema alinipigia nikiwa kitaluni na ndoo mkononi, akanisomea: "Thank you for the truth. You are forgiven."

Yaani umesamehewa.

"Mjomba, na hawa nao wameficha! Umesamehewa na nani?"

Nikamtazama Zakaria, yuko ng'ambo ya tuta anapalilia, anaimba pambio.

"Hapo acha wazi, mwanangu," nikamwambia. "Hapo waingie wote."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani amewahi kujificha nyuma ya "mistakes were made"? Semeni, ila mtenda awepo.