Miaka Kumi ya Ongeza

Shemeji yangu ni muuza nyama, na wateja wake wanamwita Ongeza, ingawa neno hilo sijawahi kulisikia likimtoka. Ukinunua kilo anapima kilo, mizani ikitulia anatupia kipande kingine juu yake, kisha anafunga haraka kabla hujasema lolote. Ukishukuru, anajifanya anatafuta kisu. Kwake, anayetangaza nyongeza ameiuza.

Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, anasema mwanamume yule alikuwa na maneno mengi siku moja tu maishani, siku ya posa, na hata siku hiyo aliyezungumza alikuwa mjomba wake.

Walinunua nyumba kwa mkopo wa benki: vyumba vitatu, varanda ya saruji, na mlango wa choo ambao hufungika ukiuinua kidogo. Mkopo ulikuwa wa miaka kumi na mitano, elfu tisini kila mwezi. Shemeji alikuwa na miaka arobaini na minane, na bega lake la kulia lilikuwa limeanza kulalamika kila aliposhika msumeno wa mifupa. Akanijia na karatasi, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu.

"Shemeji, nikiongeza elfu kumi na tano kila mwezi, deni litaisha lini?"

Nilipiga hesabu mara mbili. "Miaka kumi, shem."

Akalishika bega lake, akafikiri. "Litafika," akasema.

Basi kila mwisho wa mwezi akawa anakwenda benki na laki moja na elfu tano. Elfu kumi na tano zile zilitoka kwenye viatu vya dada, ambavyo vilishonwa upya mpaka fundi akakataa kuvipokea, na kwenye redio ambayo haikupelekwa kutengenezwa. "Nyumba hii tunailisha kuliko tunavyojilisha," dada alikuwa akisema, lakini alisema huku akihesabu noti.

Benki walikuwa na fomu ya malipo. Mstari wa mwisho uliandikwa "Lengo la malipo", na shemeji aliuacha wazi. Kila baada ya miezi mitatu benki ilituma barua. Hakuifungua hata moja. Alizipanga kwenye boksi la viatu, kwa tarehe. Ukimpa mtu kitu, alisema, humfuati nyumbani kuangalia kama amekiona.

Mwaka wa kumi daktari alimwambia bega lina mwaka mmoja wa msumeno, si zaidi. Baada ya hapo hataweza hata kujichania nywele. Shemeji alitoka kliniki ametulia. Mwezi ule ndio uliokuwa wa mwisho wa deni. Bucha ingefungwa, nyumba ingebaki, na bega lingepumzika.

Tulikwenda benki watatu kuchukua hati. Dada alibeba mfuko wa kitambaa alioupiga pasi.

Afisa mikopo, binti mwenye miwani, alitazama kompyuta yake kwa muda. "Mzee, bado miaka mitano."

"Nimeongeza kila mwezi," shemeji akasema.

"Nyongeza yako ipo, mzee. Imekaa pembeni, haijaguswa. Inasubiri mwezi utakaoshindwa kulipa."

"Sijashindwa hata mmoja."

"Ndiyo maana haijaguswa."

Dada akaegemea meza. "Mwanangu, kwa nini hamkupunguza deni?"

"Hakusema, mama. Hapa kwenye lengo la malipo hajaandika kitu. Fomu zote mia na ishirini. Mtu akileta pesa zaidi bila maelezo, tunamwekea. Riba inaendelea kuhesabiwa juu ya deni zima."

"Nyongeza haisemwi, binti," shemeji akasema.

"Hapa inasemwa, mzee."

Haba na haba ilikuwa imejaza kibaba, ila kibaba chenyewe hakikuwa na riba.

Nje, tulipofika kwenye kona, dada alisimama. "Miaka kumi," akasema, "umewapa watu steki bila kuwaambia ni steki! Wamedhani ni mfupa wa mbwa, wakauweka nyuma ya mlango!" Mpita njia aligeuka. Shemeji aliendelea kutembea.

Nyumbani tulifungua zile barua. Kila moja, aya ya pili, ilieleza kwa adabu ni kiasi gani kimekaa pembeni na kumwomba mteja aseme kifanyiwe nini. Nilisoma kumi na tatu nikaacha. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo, haina kosa. Sikuuliza tu pesa inalipwaje.

Benki ilikubali nyongeza yote ipunguze deni la msingi, yaani deni lenyewe bila riba. Ikabaki miezi ishirini na mitatu. Bega lilikuwa na kumi na miwili.

"Nifundishe," dada akasema.

"Kazi ya msumeno si ya..."

"Si ya nani? Malizia."

Kesho yake dada alivaa aproni, na mtu asiyesema akalazimika kusema. "Tafuta kiungo kwanza. Usipigane na mfupa, uzunguke. Kisu kivute, usikisukume." Nilipopita jioni sauti ilikuwa imemkauka.

Wiki za kwanza nyama ilitoka na maumbo ya ajabu. "Mama, hii ni steki au kisiwa?" mteja mmoja akauliza.

"Ni nyama. Ukiipika itanyamaza."

Dada naye alikuwa anaongeza, ila kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara: "Kilo moja, na hiki nimekuongeza, usije ukasema hukukiona!" Shemeji alikuwa anaingia chumba cha barafu mpaka mteja aondoke. Na kila mwisho wa mwezi, kwenye ule mstari, aliandika "Kupunguza deni la msingi", kisha akamwomba karani amsomee kwa sauti.

Mwezi wa ishirini na tatu hati ilitoka. Alisaini kwa mkono wa kushoto.

"Sasa tufunge bucha, mama watoto," alisema walipofika nyumbani. "Tupumzike."

"Pumzika wewe," dada akajibu, akiloweka aproni. "Mimi kesho nina oda ya shule nzima. Na mwenye jengo la bucha nimeshasaini naye mkataba wa miaka miwili."

Kesho yake nilipita mchana. Shemeji alikuwa amelala mpaka saa nne, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na sasa alikuwa ameketi varandani, mikono juu ya magoti. Nikamuuliza nyumba inajisikiaje bila deni.

Aliutazama ukuta.

"Inataka rangi," akasema.