Mwanamke Mwingine Kwenye Usukani

Kwenye gereji yetu ya Masumbwe, kazi ya kukaa ndani ya gari na kukanyaga breki ilikuwa yangu. Mume wangu akishafunga breki mpya, lazima upepo utolewe kwenye mipira ya mafuta, na hapo wanatakiwa watu wawili. Yeye analala chini karibu na tairi na spana yake, mimi nakaa kwenye usukani. Akisema "kanyaga", nakanyaga. Akisema "shikilia", nashikilia mpaka upepo utoke, halafu "achia". Hatukuwa watu wa kupiga stori, sisi. Kama kuna mahali tulikuwa tunaelewana vizuri ni pale, na kiti kile nilikipenda kuliko alivyojua.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke anayenunua dhahabu machimboni huko Geita, na gari kubwa jeusi lenye vioo vya giza. Mzuri, tena mzuri kweli, siwezi kumnyima haki yake. Alitaka kubadilishiwa breki za mbele aendelee na safari. "Mwangaluka," akasalimia, na mume wangu akaitikia meno yote nje. Wakazama kwenye Kisukuma chao, mara wacheke, mara wagonge mikono. Mimi mtu wa Kigoma, Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Nikabaki nimesimama pale na tambara la kufutia mikono.

"Mama watoto," akaniambia, "hebu mchemshie mgeni chai."

Ebo! Chai? Siku zote gari likiwa kwenye jeki ni mimi ninayepokea vyuma. Vya kulia naviosha kwa petroli kwenye beseni lake, vya kushoto kwenye lake, visichanganyike. Lakini mume kaongea mbele ya mteja, nifanyeje? Nikaenda kuwasha jiko, roho inanichemka kabla ya maji.

Niliporudi na birika, vyuma vyote vilishaoshwa kwenye beseni moja na kufungwa. Na yule mwanamke kakaa kwenye kiti changu.

"Kanyaga, dada. Taratibu. Haya, shikilia hapo hapo." Sauti laini! Mimi huwa naambiwa, "Kanyaga, we! Umelala?"

"Mbona inazama?" mwanamke akauliza. "Kama nakanyaga godoro."

Wakarudia. Mafuta yalitoka safi, bila povu, lakini pedali bado ilizama. Mume wangu akakagua mipira, hakuna panapovuja. Akaongeza mafuta, wakaanza upya: kanyaga, shikilia, achia, na vicheko katikati. Wivu ulinipanda. Nilitamani gari lipone dakika ile ile, si kwa kumwonea huruma mwenye gari. Nilitaka ashuke.

Ndipo nikainama kuangalia kinachomshinda. Ile kalipa, chuma kinachobana diski, ina skrubu ndogo ya kutolea upepo, na skrubu hiyo inatakiwa ikae juu, kwa sababu upepo hukimbilia juu. Hii ilikuwa imeangalia chini. Nikazunguka upande wa pili, nako vile vile.

"Baba watoto," nikasema kwa sauti ili na yule ndani asikie, "umefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Upepo utatokaje wakati tundu liko chini?"

Akatazama. Akapiga makofi, akacheka, halafu akamgeukia nani? Yule yule. "Umeona, dada? Leo umenichanganya kabisa." Mimi hata asante sikupewa.

Alipomaliza kuzibadilisha akaingia stoo kuchukua mafuta mengine ya breki. Simu ya mwanamke ikaita, akashuka, akaenda kuongelea kando ya barabara. Sikungoja kuambiwa. Nikaingia, nikafunga mlango. Kiti kilikuwa bado cha moto, kinanukia marashi yake.

Mume wangu akarudi, akalala moja kwa moja karibu na tairi. Kwa vioo vile asingeniona.

"Kanyaga." Nikakanyaga. "Shikilia." Nikashikilia. Nikasikia upepo ukitoka fyuu, na kila tulivyorudia pedali ikazidi kupanda na kuwa ngumu. Tukahamia tairi la pili. Moyo ulianza kutulia. Nikajiambia, haya, kazi yangu imerudi.

Kisha kutoka kule chini akauliza, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu anioe:

"Umechoka? Tupumzike kidogo?"

Nikajua swali lile si langu, ni la yule.

"Sijachoka," nikajibu.

Spana ikatulia. Alishaitambua sauti yangu.

"Haya," akasema, "kanyaga."

Nikakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu, breki zimepona. Nikaendelea kuishikilia, nikisubiri aniulize tena mimi. Hakuuliza.