Mama Futi Aingia Darasa la Sita

Mama Futi hakuona haja ya kumpima binti yake. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini sasa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni mpaka watu wakasahau jina lake la kuzaliwa. Mteja akiingia mlangoni tu, yeye ameshajua mabega na kiuno. Sasa mtoto aliyemzaa mwenyewe ampime ya nini? Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, alikata sare kwa kumbukumbu, akaongeza vidole viwili vya kukulia, na kila mwaka sare ilimkaa mtoto kama imemwagwa mwilini.

Mwaka ambao binti aliingia darasa la sita, sare iligoma.

"Mama, sketi inabana."

"Bana pumzi."

"Nimebana."

"Basi usiiachie mpaka saa ya kutoka shule."

Binti huyo walimwita Sindano tangu akiwa mdogo, kwa wembamba wake. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya kioo cha wateja, pindo limeishia juu ya magoti, zipu imesimama njiani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Chumba cha kazi kiligawanywa kwa pazia. Upande wa pili alikaa msusi, rafiki wa Mama Futi. Alichungulia, akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

"Mwenzangu, karibu darasa la sita! Mimi wangu alishapita huko. Viatu utanunua mara mbili. Chakula atakula kama mjenzi. Leo ana rafiki wa kufa na kuzikana, kesho hataki hata kumsikia. Na kuoga! Zamani ulimkimbiza uani na ndoo. Sasa ataingia bafuni na usimwone tena mpaka umsahau sura."

"Mwanangu hayuko hivyo," alisema Mama Futi, huku akifumua mshono wa kiuno kwa kiwembe.

"Haya. Tutaonana."

Hazikupita wiki tatu msusi akawa ameshinda. Sindano alianza kutembea hatua tatu mbele ya mama yake wakiwa njiani, kana kwamba wamekutana kwa bahati mbaya tu. Akiulizwa habari za shule alijibu, "Kawaida." Mwalimu wake mmoja mpendwa alikuwa amegeuka walimu saba, kila mmoja na daftari lake na hasira zake, na mtoto ambaye zamani alifungiwa begi na mama yake sasa alibandika ratiba ukutani na kukataza mtu kuigusa. Bafuni alikaa dakika arobaini. Alitoka akiimba, akala sahani mbili, akalia kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua, kisha akacheka.

Mama Futi aliyachukua yote kwa moyo mweupe. Kilichomwangusha ni barua.

Barua ilitoka shuleni, katikati ya mwaka. Ilisema kwamba wazazi wa darasa la sita wataalikwa Jumamosi moja kukaa kwenye madawati, nao watoto watakuwa walimu. Kila mtoto atamwita mzazi wake ubaoni na kumpa swali la hesabu alilotunga mwenyewe. "Iwe siku ya furaha," ilimalizia barua.

"Furaha ya nani?" Mama Futi aliliuliza pazia.

Maana lipo jambo ambalo hakumwambia mtu, hata msusi. Yeye aliishia darasa la tano. Mwaka ule mama yake aliugua, cherehani ikawa haina mtu wa kuikalia, naye akaikalia. Ripoti za Sindano alizitia kwa mikogo sahihi yenye mikia miwili, sahihi ya mtu aliyesoma mpaka akachoka. Sasa angesimama mbele ya wazazi wote, binti yake mwenyewe ameshika chaki, na asijue pa kuanzia. Mtoto ambaye anaona haya hata kutembea na mama yake, ataificha wapi sura yake siku hiyo?

Akaamua kusoma. Na muda alikuwa nao: dakika arobaini, kila jioni, kwa hisani ya bafu.

Maji yakianza tu kumwagika, Mama Futi alilichomoa daftari la hesabu kwenye begi na kulifungua juu ya meza ya kukatia. Akafika kwenye maduara. Mzingo, kipenyo, nusukipenyo, na kile kisehemu cha ishirini na mbili juu ya saba ambacho hakuna aliyemweleza kilitoka wapi. Karatasi hakuwa nayo, ila chaki ya fundi ilikuwa kiganjani, na kitambaa ki mezani. Kitambaa chenyewe kilikuwa bitana, ile nguo laini ya ndani ya koti, ya rangi ya samawati iliyoiva. Upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Akaandika kwenye ule uliofifia. Kwani nani huona mgongo wa bitana? Ukishashonwa umeshazikwa.

Jioni baada ya jioni alikokotoa. Wimbo ukikatika bafuni, daftari lilirudi begini haraka kuliko panya.

Koti lilikuwa la mwalimu wa hesabu. Alilitaka kwa ajili ya Jumamosi hiyohiyo. Siku ya kulimaliza, Mama Futi alikuwa akishona huku midomo ikitembea, "ishirini na mbili, saba, ishirini na mbili, saba," na msusi naye akimsimulia habari za harusi iliyovunjika. Akapiga pasi upande wa nje, akafunga vifungo, akalifunika. Jumamosi asubuhi Sindano akalipeleka mbio kwa mwenyewe.

Darasani wazazi walijibana kwenye madawati, magoti yamewafika kidevuni. Msusi, aliyejialika mwenyewe kama shangazi wa hiari, aliketi nyuma akila karanga kwa siri. Watoto walijipanga mbele wamenyooka kama fito. Jua likapanda, mabati yakachemka, na mwalimu wa hesabu akaona avue koti. Akaliweka juu ya mgongo wa kiti, ndani kukawa nje.

Darasa zima likasoma.

Bitana ilikuwa imeshonwa kinyume. Upande uliofifia ulitazama watu, umejaa maduara, mistari na namba nyeupe kutoka kola mpaka pindoni, na chini kabisa kwa herufi kubwa: HII NAYO SIYO.

"Mwalimu," aliuliza baba mmoja, "hayo ndiyo majibu?"

Kicheko kiliruka hadi darini. Mwalimu alilinyanyua koti, akavaa miwani, akalisoma kwa utulivu, akiligeuza mkono huu na ule. "Hesabu hizi zote zimekosewa," alisema, "tena kwa namna moja tu. Kila mahali saba imewekwa juu, ishirini na mbili chini. Huyu si mvivu. Huyu hana mtu wa kumwelekeza. Ni nani?"

Mama Futi alitamani dawati limmeze. Aliwatazama watoto mbele, akamwona Sindano anamtazama yeye. Akasimama, na dawati likasimama naye.

"Ni mimi, mwalimu. Nisamehe koti. Mimi niliishia darasa la tano. Sikutaka mwanangu aaibike."

Msusi nyuma aliacha kutafuna. 

Sindano akachukua chaki. "Mwanafunzi wangu," alisema kwa sauti ya mwalimu kamili, "njoo ubaoni."

Mama Futi alikwenda, wazazi wakamvua dawati njiani. Binti aliandika huku akisoma: "Fundi anashona sketi ya duara. Kiuno ni sentimita sitini na sita. Akate duara la kiuno kwa nusukipenyo kiasi gani?"

"Kumi na nusu," alisema Mama Futi.

Sindano hakuwa amemaliza hata kuweka alama ya kuuliza.

"Umepataje?" mwalimu aliuliza.

"Nagawa kwa sita, naondoa nusu. Siku zote. Ukikata zaidi ya hapo inamdondoka mtu barabarani."

Mwalimu alijaza nusu ya ubao kwa ishirini na mbili na saba zake, akafuta, akaanza upya, jasho likimtoka. Mwisho akapiga mstari. Kumi na nusu kamili. Wazazi wakapiga madawati kama ngoma. Msusi akapiga kigelegele, karanga zikamwagika mpaka mstari wa mbele.

"Ulijua?" Mama Futi alimnong'oneza binti yake.

"Mama, daftari langu lote lina alama za vidole vyeupe. Nani mwingine ana chaki kwetu? Kwa nini unadhani niliendelea kukaa bafuni hata nikishamaliza kuoga? Ngozi ilikuwa inanikunjamana kama ya bibi."

Mama Futi alicheka, akajifuta machozi kwa ncha ya futi. "Na sitini na sita ni kiuno cha nani?"

"Changu. Nilijipima mwenyewe, maana wewe hunipimi."

Futi ilikuwa imeshachomolewa shingoni.

"Mama! Si mbele za watu!"

Koti mwalimu alikataa lirekebishwe. Alisema ndilo la kwanza alilowahi kuwa nalo lenye kitu cha kusoma. Waliporudi nyumbani, Sindano alitembea hatua tatu mbele kama kawaida, ila safari hii alirudi nyuma mara kwa mara kuwaambia mama yake na msusi wapunguze kucheka. Ndani, mlango ukiwa umefungwa na pazia limeshushwa, alisimama wima, akanyoosha mikono. Mama Futi aliizungusha futi kiunoni mwake, akasoma, akapangusa macho, akasoma tena.

"Sitini na saba."

"Haiwezekani! Nilijipima Jumatatu!"

"Bana pumzi," alisema msusi kutoka upande wa pili wa pazia.