Kazi ya Yaya

Mwezi uliopita nilirudi Bunia, na miguu ikanipeleka mtaa wa Lumumba kabla sijaiamuru. Ile nyumba ya mabati tuliyokuwa tukikutania kila Jumamosi sasa ni depo ya simenti. Mlinzi aliniuliza nataka mifuko mingapi. Nilicheka, rafiki yangu, maana ningeanzaje kumwambia kwamba namtafuta dada?

Wakati ule, nilipokuwa mtoto, bunduki zilikuwa zimenyamaza, ingawa kila nyumba bado ilikuwa na kifurushi cha kukimbia nacho nyuma ya mlango. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti, alianzisha chama kwa benchi nne na ubao uliopasuka. Aliwakusanya vijana waliomaliza sekondari, akamkabidhi kila mmoja mtoto mmoja wa kumwongoza. Hakumlipa mtu hata faranga. Tuliwaita yaya, yaani kaka na dada zetu wakubwa. Mwalimu alikuwa na sheria moja asiyoitania: baada ya masomo, yaya amsindikize mtoto hadi kwao, na asiondoke kabla hajafanya kazi moja ya nyumba ile.

Mimi nilipewa yaya msichana, wa familia ya wakulima waliokimbia kutoka Djugu. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, na vita vilikuwa vimetupiganisha na wakulima. Mwalimu alijua vizuri alichokuwa akifanya. Koko, mama wa baba yangu, alijua pia, na hakupenda hata kidogo. Majuma matatu aliitikia salamu za yaya huku akiwaangalia kuku. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba siku moja atamfukuza, kwa sababu nilishampenda. Alinifundisha kugawanya kwa maharagwe, kisha tukayachemsha na kuzila hesabu zetu.

Jumamosi ya nne yaya alitafuta kazi, akakiona kibuyu cha maziwa cha Koko, cheusi kwa ndani. Akadhani ni uchafu. Akakisugua kwa sabuni na mchanga, tena kwa bidii, maskini, huku akiimba! Kwetu kibuyu cha maziwa hakionyeshwi sabuni. Hufukizwa kwa majani makavu, na moshi huo ndio unaoyatunza maziwa na kuyapa harufu yake. Miaka mingi ya moshi ilimwagwa uani pamoja na povu.

Koko alikinusa. Nikaanza kulia kabla ya hukumu.

"Nani alikufundisha kusafisha kibuyu na sabuni?"

"Hakuna mutu, Koko. Siye kwetu tunalima tu, hatuna ngombe. Unisamehe. Unifundishe."

Koko akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kuja huku. Mutoto mukubwa hivi, hajue moshi!"

Wakainama pamoja juu ya majani yanayofuka, yaya akakohoa hadi machozi yakamtoka, na Koko, niamini, akacheka. Tangu siku hiyo kufukiza kibuyu ikawa kazi ya yaya kila Jumamosi, na kikombe cha kwanza kikawa chake. Mimi mjukuu nilipata cha pili, nikanung'unika kidogo.

Kisha fujo zikaanza tena Djugu, woga ukarudi mjini, na mayaya wakatawanyika. Wengine walikwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu. Wangu aliondoka na wazazi wake bila kuniaga, sijui hadi leo wapi. Mwalimu alijaribu kutufundisha wote peke yake, mpaka afya ikamshinda. Hivyo ndivyo chama kilivyokwisha, bila hotuba.

Jumamosi ya kwanza bila yaya nilikichukua kibuyu nikifukize. Koko akaninyang'anya.

"Acha. Hii kazi iko na mwenyewe."

Akakiweka kando ya mlango, tukaanza kunywa maziwa ya bidoni, dumu la plastiki, na hivyo ndivyo tulivyokunywa mpaka Koko alipofariki. Sasa kibuyu ninacho mimi. Nimekinusa mara nyingi, hakina tena moshi hata kidogo. Majani yake nayajua, na yanapatikana. Lakini bado sijakifukiza.