Mvumo Niliomfutia Baba

Sijui nani aliwaambia watengenezaji wa vishikwambi kwamba tunataka vitu vyembamba. Mimi sikumwambia mtu. Ningeulizwa, ningesema nataka chenye tumbo, chenye mahali pa sauti kukaa, hata kikiwa kinene kama Biblia ya madhabahuni. Sikuulizwa. Muuzaji wa pale mjini Dodoma alikishika kwa vidole viwili, akakigeuzageuza mbele ya macho yangu na kusema, "Mwalimu, hebu tazama, hata daftari la mtoto ni nene kuliko hiki." Nikacheka, nikakichukua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku ile kibaya kilitembezwa mbele ya pua yangu nami nisikione.

Nilikinunua ili nimrekodi baba. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani hasira yangu ni ya bure. Baba yangu ni mchongaji na mpigaji wa ilimba, lile sanduku dogo la mbao la sisi Wagogo lenye vyuma bapa juu yake, ambavyo hubonyezwa kwa vidole gumba vya mikono yote miwili. Upande wetu wa Chamwino hapakuwa na harusi wala sherehe ya mavuno iliyoanza kabla hajafika. Na katika nyimbo zake zote ulikuwepo mmoja usio na maneno, aliomtungia mama yangu walipokuwa wachumba. Aliupiga nyumbani tu. Mama alipofariki aliendelea kuupiga, akikaa kwenye kiti kilekile na kutazama mlango uleule. Watu walimwomba awafundishe, akakataa. "Huu si wa kufundisha," alisema. "Huu nilishampa mwenyewe."

Sasa ilimba yetu haipigwi kavu. Mbele ya sanduku kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa ule utando mweupe wa mviringo ambao buibui wa nyumbani hufunikia mayai yake ukutani. Utando unabanduliwa taratibu, unabandikwa kwa nta ya nyuki, na kila chuma kinapobonyezwa nao unavuma. Bila mvumo ule, baba husema, ilimba ni mlenda usio na chumvi.

Kwa sababu hiyo, katika tembe letu la zamani kulikuwa na kona moja ambayo mama alikatazwa kufagia. Nimekua nikisikia ugomvi wa kona ile. "Hii nyumba ni ya watu au ya buibui?" mama aliuliza kila alipokuja mgeni, na baba akajibu kwamba watu wanaweza kuhama lakini buibui akihama ndiyo basi. Mimi niliionea haya kona ile. Nilipoanza sekondari na kuleta marafiki nyumbani, niliwakalisha wakiipa mgongo.

Nilimrekodi Jumapili moja mchana, baada ya ibada. Alivaa shati lake la kanisani, akanitaka nimfukuze jogoo aliyekuwa akipitapita, kisha akaupiga wimbo ule kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata mahali pamoja. Miezi miwili baadaye alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, na kile kidole gumba kilichowahi kuchezesha kijiji kizima kikawa cha kuinuliwa na mtu mwingine na kuwekwa juu ya goti. Tangu siku hiyo wimbo wa mama haukuwepo mahali popote duniani isipokuwa ndani ya kishikwambi changu.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani kutoka hospitali nilimwekea mezani, nikafungua sauti yote. Mpaka siku ile nilikuwa nimeusikiliza kwa visikizi vya masikioni tu. Wimbo ulianza vizuri. Lakini kila vyuma vizito vya katikati vilipolia, mgongo wa kishikwambi ulitetema kama mfuniko wa sufuria iliyochemka. Baba akainua mkono wa kushoto.

"Zima."

Nikazima.

"Kuna kitu kinalia humo ndani ambacho si changu," akasema. Maneno yalimtoka kwa taabu siku hizo, lakini hayo aliyasema moja moja mpaka yakaisha.

"Baba, si ndio ule mvumo wa utando?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto wake wa kumzaa tofauti ya mbuzi na kondoo. "Mwanangu, mvumo wangu unalia pamoja na chuma. Huo unalia baada ya chuma."

Niliurudia wimbo mara tatu na sikusikia tofauti yoyote. Mimi, binti wa mchonga ilimba. Naye hakutaka kuusikiliza tena hadi kile kitu kitolewe, kwa sababu, alisema, ni kama kuzungumza na mkeo huku mtu mwingine amekaa katikati yenu. Kila nilipokwenda kumjulia hali, nikishasema shikamoo tu, aliitikia marahaba na papo hapo kuniuliza kama nimekipeleka kwa fundi.

Nilichelewa kukipeleka, na kabla sijakipeleka nilifanya kosa la kukifungua katika ofisi ya walimu. Nilitaka wenzangu wamsikie baba yangu. Walisikiliza kidogo, kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, nyuki wamehamia humo?" Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka pamoja nao, na mpaka leo kicheko hicho kinanikera kuliko chao. Nilijisikia vilevile nilivyojisikia zamani, rafiki zangu wakitaka kugeuka waione ile kona.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mtaratibu, na ninakiri kwamba hakunidanganya katika neno lolote. Alikifungua kishikwambi kwa kijiwembe, akanionyesha. Betri ilikuwa imejaza nafasi yote. Spika zake, viduara viwili visivyozidi vifungo vya koti, zilikuwa zimebanwa pembeni. Mgongo wenyewe ulikuwa kipande chepesi ambacho ningeweza kukikunja kwa mkono.

"Hapa sauti haina pa kukaa, mwalimu," akasema. "Ikikosa pa kukaa inatikisa mgongo. Wanavitengeneza hivi, sisi tufanyeje? Hii haitengenezeki."

Damu ilinichemka. Yaani mtu anakaa huko aliko, anachukua kitu kilichokusudiwa kutoa sauti, anakipunguza unene mpaka sauti yenyewe inakosa nafasi, halafu anatuuzia huo wembamba kama sifa. Baba yangu hakuwahi kuona kiwanda, lakini alijua kwamba sanduku lisilo na tumbo haliimbi. Alitafuta ubao siku nzima, akiugonga kwa ukucha na kuutupa, akiugonga mwingine na kuutupa, kabla hajaupigia tezo. Hao wenye viwanda walishindwa kugonga?

Fundi aliniacha nimalize. Kisha akavaa visikizi, akasikiliza, akakunja uso. "Lakini hata rekodi yenyewe ni chafu. Humu ndani kuna mvumo mwanzo mpaka mwisho. Huu naweza kuutoa kwa kompyuta."

Hakuwa mtu wa kwetu, na ilimba hakuijua. Mimi niliijua. Nilipaswa kusema, fundi, huo acha, huo ndio wenyewe. Neno lilifika mdomoni. Nikakumbuka nyuki wa ofisini, nikaona aibu kumweleza mtu mwenye kompyuta habari za mayai ya buibui, nikasema, "Safisha tu."

Alipomaliza aliupiga kupitia spika yake kubwa ya dukani. Ulitoka safi, kila chuma peke yake, kama matone ya maji kwenye ndoo. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikajiona mtu wa maana. "Ile ya zamani nimeifuta isikujazie nafasi," fundi akasema. Nilimshukuru. Narudia ili nilisikie kwa masikio yangu mwenyewe: nilimshukuru.

Nilimkuta baba barazani, kwenye kiti chake. Nikamwambia fundi ameshindwa kutengeneza mgongo lakini ameusafisha wimbo, nikauweka. Chuma kizito cha kwanza kikalia, na mgongo ukatetema kama kawaida yake. Baba hakukasirika. Aliniagiza nikalete nta iliyokuwa kwenye kikopo chake cha kazi.

Kisha nikaona jambo ambalo sitalisahau. Alikitaka kishikwambi kiegeshwe mapajani, akainamisha sikio, akaanza kukigonga mgongoni kwa ukucha wa kidole cha kushoto, taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama alivyokuwa akigonga mbao zake. Karibu na pembe ya chini akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akagonga tena.

"Hapa pamelegea," akasema.

Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Nililainisha nta kwa vidole, nikaipachika kwa ukucha kwenye ufa wa ukingo mahali alipoonyesha, nikabana hadi aliposema basi. Tukaupiga wimbo. Mgongo ukanyamaza kabisa. Kiwanda kizima kilishindwa, fundi mwenye kompyuta alisema haitengenezeki, na mzee mwenye mkono mmoja alimaliza kazi kabla chai haijapoa. Nilipiga makofi. Nilitamani wote wangekuwepo pale waone haya.

Lakini baba hakuwa akifurahi. Kelele ilikuwa imeondoka na sasa aliweza kuusikia wimbo wenyewe. Alisikiliza huku kichwa kikiinama upande.

"Huyu anayepiga ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, baba."

"Hapana."

"Ni wewe. Ile Jumapili. Jogoo alikuwa anapitapita."

"Huyo hana utando," akasema. "Huyo ni mtu anajifunza."

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza kuhusu fundi, kompyuta, na ile rekodi ya kwanza iliyofutwa. Nilimweleza pia kwamba nilijua na nikanyamaza, maana nisingeweza kukaa mbele yake na kumbebesha lawama mtu asiyejua ilimba. Nilitamani anigombeze. Niliisubiri fimbo ya maneno kama mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki, na nilitaka angalau anipigie kelele kwa kuyamwaga.

Kisha akasema, bila hasira, "Mama yako aliinunia kona ile mpaka anakufa. Lakini hakuifagia."

Nilikuwa nimewakasirikia wenye viwanda kwa miezi, nikawasema ofisini, nikawasema kanisani, nikamsema muuzaji na vidole vyake viwili, na yote niliyowasema ni kweli, sirudishi hata neno moja. Wao walileta kelele ambayo baba aliiondoa kwa nta kiasi cha punje ya mahindi. Kilichokuwa chake nilikiondoa mimi, na kwa hicho hakuna nta.

"Anzisha tena," baba akasema.

Nikaanzisha. Vyuma vikaanza kulia, safi, kimoja kimoja. Kilipofika chuma kizito cha kwanza nilisikia mvumo, nikashtuka, nikadhani nta imeachia. Nikakitazama kishikwambi. Kilikuwa kimetulia. Nikamtazama baba. Alikuwa amefumba macho, amebana midomo yake iliyopinda, anavuma. Hakuvuma baada ya chuma. Alivuma pamoja na chuma, kila mahali mvumo ulipokuwepo zamani, akiacha ulipoachwa, akirefusha uliporefushwa. Na nilisikia tofauti, mimi niliyeshindwa kuisikia siku zote zile. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Alifika nao karibu na katikati ya wimbo. Pale ambapo vyuma vinafuatana haraka pumzi ilianza kumkatika, mate yakamtoka upande uliolala, mvumo mmoja ukakosa mahali pake na uliofuata haukutoka kabisa. Akafumbua macho. Nikamfuta mdomo kwa ncha ya khanga yangu, akaniachia.

Wimbo wa mama uliendelea bila yeye hadi mwisho. Kishikwambi hakikutetema hata kidogo.