Neno Ambalo Sikumfasiria Baba

Assalaam alaykum, ndugu wafuatiliaji. Namshukuru msimamizi wa ukurasa kwa kunisitiri jina. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa chuo kikuu, mzaliwa wa Wingwi, Pemba.

Baba yangu alikuwa muadhini. Maradhi ya kutetemeka yalipomshika, mikono yake ilishindwa hata na kikombe cha kahawa, lakini sauti ilisalimika. Nikajitwika jukumu la kumpeleka ng'ambo, apandikizwe nyaya nyembamba ndani ya ubongo, zinazoendeshwa na betri chini ya ngozi ya kifua, ili mtetemo utulie. Barua zote za kuomba matibabu niliziandika mimi, na nakiri kwamba nilijivuna.

Siku ya kutia saini fomu ya kuridhia upasuaji, huko hospitalini, daktari alieleza kwa Kiingereza nami nikawa mkalimani. Alisema kwamba, kwa nadra sana, damu huvuja ubongoni na mgonjwa akapoteza usemi. Nilijua baba angekataa palepale. Alikwishaniambia, "Mikono na itetemeke, mwanangu. Sauti ndiyo amana yangu."

"Mbona mwenzio kanena kirefu, nawe wantolea kifupi?" aliuliza baba, akicheka. "Au chuoni mwafunzwa kupunguza maneno?"

"Ni lugha ya kidaktari tu, baba. Asema itakuwa heri."

Akatia saini kwa mkono unaorukaruka.

Ile nadra ikamwangukia yeye. Leo mikono yake imetulia kama ya kijana, lakini kinywani hutoka mgumio usiofahamika. Huadhini mimi, yeye hukaa safu ya kwanza, midomo ikinifuatisha. Majirani humwambia mama, "Bi Asha, wewe umezaa!" Nami hutazama chini.

Juzi baba aliomba kalamu. Akaandika, kwa hati ambayo sikuiona miaka mingi: "Hii ni kadari. Radhi zangu unazo, duniani na akhera. Ijumaa zisomwe msikitini." Mama aliibusu karatasi, akalia.

Ndugu zangu, radhi hizo amezitoa mtu asiyejua nilichomficha. Nikikiri, namvunjia utulivu pekee aliobakiwa nao, naye hana hata sauti ya kunilaani. Nikinyamaza, nitazipokea mbele ya watu kama mwizi.

Ijumaa ni keshokutwa. Karatasi ninayo mfukoni. Hakuna herufi hata moja iliyotikisika. Enyi wenye elimu, na enyi wenye wazazi, nishaurini: nimwambie kabla haijasomwa, au niiache isomwe?